Ukuta wa Darasa la Nne

Mwalimu mkuu, Bwana Kachenje, alimpa Mwalimu Sikudhani habari akiwa amesimama mlangoni mwa darasa lake, Nne A. Mwalimu wa Nne B amehamishwa, na hakuna wa kushika nafasi yake.

"Wameniambia fedha za kuajiri mwingine hazipo," alisema. "Za kubomoa ukuta wa katikati zimepatikana. Utawafundisha wote pamoja, mwalimu."

"Haya, mkuu," Sikudhani aliitikia, kama mtu aliyeambiwa kuwa nje kuna manyunyu.

Fundi alikuja Jumatano na nyundo kubwa. Kufikia saa sita ukuta ulikuwa chini, na watoto mia moja thelathini na wanane wakawa wanatazamana katikati ya vumbi. Sikudhani alisimama pale ulipokuwa ukuta. Akiwageukia wa kulia, anawapa mgongo wa kushoto. Alingoja apandwe na hasira, lakini haikuja. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: saba mara nane.

"Nani anajua?"

Mikono michache iliinuka. Akamnyooshea kidole msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye jina lake hakulijua. Msichana akasimama. Midomo yake ilicheza, ila sauti haikufika mbele.

"Vizuri sana," alisema Sikudhani. "Mpigieni makofi."

Wakampigia, pande zote mbili. Makofi yalipokwisha, msichana alikuwa bado amesimama, na midomo yake ilikuwa ikicheza tena.