Sungura wa Sebuleni

Mwalimu mstaafu aliingia sebuleni na kikapu mkononi, ameazimia kumfukuza sungura wa mjukuu wake, mharibifu aliyetafuna waya wa redio. Akamkuta amelala ubavu kando ya kiti, macho wazi, miguu imenyooka.

Mzee akapigwa na butwaa. Asubuhi sungura alikuwa buheri wa afya.

“Mjukuu wangu, njoo. Jipe moyo. Sikumgusa hata kwa ncha ya kidole.”

Mjukuu akachungulia, akacheka. “Babu nawe! Amelala tu. Sungura hajinyooshi hivyo mahali anapoogopa.”

Tumbo jeupe lilikuwa likipanda na kushuka taratibu.

“Lakini mimi humkaripia kutwa.”

“Basi humu ndani ni yeye tu asiyekuogopa.”

Mzee akaweka kikapu chini. Akaketi polepole, akichunga asimwamshe.