Moyo wa Masika

Kila mtu mzima aliyekimbia vita akapewa nyumba mjini alivishwa bangili ya kusikiliza moyo. Hofu ikimpanda, bangili hulia kama king'ora, na ikilia mara tatu anarudishwa kambini. Ya Masika ilikuwa imeshalia mara mbili.

Jirani yake, Mama Sikujua, alilifahamu hilo. Asubuhi moja alikuja akapasua chupa ya plastiki mlangoni pa Masika, paa! kama risasi.

"Wendawazimu rudini kambini!" alifoka. "Mmetuchosha na makelele yenu!"

Masika, aliyewazika mumewe na wanawe wawili katika shimo moja, hakutikisika. Kwa miezi minne alikuwa amejizoeza kuuambia moyo wake: hayo hayanihusu. Chupa ya pili ikapasuka, kisha ya tatu. Bangili haikulia. Mama Sikujua akaondoka akitukana, na Masika akajiona mshindi.

Ndipo aliposikia yowe jikoni. Katungu, bintiye wa miaka sita, alikuwa ameshtushwa na ile milio akajimwagia uji wa moto mkononi. Masika alimnyanyua, akamtia mkono kwenye maji baridi, akaufunga kitambaa safi. Alifanya yote sawasawa. Ila alipoutafuta ule uchungu wa mama, hakuuona popote.

"Mama, huoni naumia?"

"Naona, mwanangu," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Katungu alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akauvuta mkono wake, akaingia chini ya meza, akalia peke yake.