Kidonge Kiganjani mwa Mama Mkwe

Haya alinieleza Sanatu mwenyewe, siku ya soko la Tamale, kaskazini mwa Ghana, mvua zilipoanza.

Mama mkwe wake alikuwa ameharisha siku tisa, na kila akitoka chooni alimeza kidonge cha rangi nyekundu na njano, alichouziwa na mchuuzi wa dawa apitaye na baiskeli. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwonya Sanatu: “Vidonge hivyo ndivyo vinavyoua vijidudu vyema vya tumboni, vibaya vikakuta nyumba tupu. Mpe dawa hii yangu tu.”

Asubuhi ya siku ya tisa mama mkwe alifungua pindo la nguo, akatoa kimoja.

Kwao mkamwana husema na mkwewe akiwa amechuchumaa. Sanatu alibaki wima, akamkamata mkono. Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja, kikiacha wekundu.

“Unanishika mimi? Nani alikuleta nyumba hii?”

“Ni wewe, mama. Ndiyo maana sikuachi ufe. Ukipona, nichape.”

Walitazamana mpaka vidole vya mama mkwe vikalegea. Kidonge kikaenda motoni, na vilivyobaki pindoni vikafuata. Sanatu akampa ile dawa ya muuguzi.

Siku ya nne baada ya hapo mama mkwe alikunywa uji wa mtama bakuli mbili, akalalamika kwamba tangawizi haitoshi, akalala bila kuamka kwenda chooni. Sanatu naye akalala palepale kizingitini, mchana kweupe.