Kanga Juu ya Vyuma

Mgeni alipiga picha vitu visivyo na maana: ndoo kisimani, paka juu ya bati, kopo la maua. Mashavu alimchungulia dirishani asimwamini hata chembe. Nani afunge safari kuja kupiga picha kopo? Mara akamwona amechuchumaa mlangoni pake, mbele ya kizingiti cha kipande cha reli.

"Shikamoo, mama. Chuma hiki mlikitoa wapi?"

"Marahaba. Nimeolewa nikakikuta."

Alisema uongo. Treni ilipokoma kupita, kila nyumba ilijichukulia chuma kilichokuwa mbele yake, na hakuna aliyeomba ruhusa.

Mgeni alipokwenda zake, Mashavu akamwita jirani yake Riziki. "Yule katumwa na wenye reli. Wanakuja kudai vyuma vyao. Funika, na umwambie wa pili!"

Kabla ya adhuhuri kila nguzo, kila benchi na kila kizingiti cha reli kilikuwa kimefunikwa kanga. Mashavu akatoka nje kukagua, roho imetulia.

Mgeni alikuwa amepanda juu ya tangi kuukuu la maji, kamera jichoni. Mashavu akafuata alikotazama. Kanga zilianzia stesheni iliyobomoka, zikaja nyumba kwa nyumba, zikapinda kidogo penye msikiti, kisha zikanyooka mpaka mtoni, bila kukosea hata hatua moja ya njia ya treni.

Akarudi akashika pindo la kanga ya kizingitini pake, asijue aivute au aiache.