Kosa la Mama Feza

Marcelline alimbana dubu katikati ya magoti, akamwekea wembe kwenye kona ya mdomo, akakata. Alifanya upesi, mgongo ameuelekeza mlangoni, maana Mama Feza, aliyemshona, alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri na asingekawia kurudi.

Kosa lilikuwa lile lile. Mdomo ulitarizwa kwa uzi mwekundu, na upande wa kulia ulitabasamu vizuri kabisa. Upande wa kushoto uzi mmoja ulitoka konani ukashuka hadi kidevuni, kama mtoto aliyechuruzikwa na uji. Marcelline aliuvuta uzi ule kwa ncha ya sindano, akautia mfukoni mwa aproni, kwa sababu uzi mwekundu ulipatikana kwa taabu na hakuna aliyeutupa. Akaziba tundu kwa mishono midogo, akakisugua kitambaa kwa ukucha mpaka kikatulia, akamtumbukiza dubu pamoja na wenzake katika gunia la kupelekwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu.

Hakuna aliyemtuma. Kazi yake pale ateliye, chumba cha ushonaji cha akina mama katika mji wa Kasongo, ilikuwa kuwakagua hao dubu wa kitambaa, nunursi kama wanavyoitwa kwao, wanyama ambao hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuwaona wakiwa hai. Mwenye kasoro alitakiwa kurudishwa kwa aliyemshona, mbele ya Victoire, prezida wa akina mama. Mwanzoni Marcelline alifuata sheria, akarudisha. Victoire, ambaye hakujua kusema kwa sauti ndogo, akalipukia kosa hilo, fote kama alivyoliita.

"Mama Feza, hii fote ya mudomo imenichokesha! Watu wa Salamabila hawataki kitu ya kuharibika. Ukirudilia tena, utatuachia sindano yetu."

"Nimesikia, Prezida," alisema Mama Feza. Kesho yake akakosea tena, pale pale.

Lilimuuma Marcelline jambo hilo. Mama huyu alifika Kasongo kwa miguu kutoka upande wa Kabambare, mwaka ule vijiji vilipochomwa, hana kitu ila kitenge alichojifunga. Wote walimwita Mama Feza kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha, lakini huyo Feza hakuna aliyemwona, na kwa adabu hakuna aliyeuliza. Sindano ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akinyang'anywa, angebaki kuwachotea watu maji, na mgongo wake hauwezi tena. Basi Marcelline akaamua kufumua na kurekebisha kimya kimya, kwa huruma yenye ukaidi, na Victoire akasahau hasira zake.

Kilichomtatiza Marcelline ni kwamba dubu wa gunia la kwenda mji wa Kindu walitoka safi mikononi mwa Mama Feza. Walioharibika walikuwa wa Salamabila tu. Alijiambia kwamba labda ni uchovu, maana dubu wa gunia hilo walishonwa mwisho, mwanga ukiwa umefifia. Macho ya mtu mzima ndivyo yalivyo.

Mama Feza alirudi, akaketi kwenye mkeka. Mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza chumbani, lakini aliinua sindano, akapitisha uzi tunduni mara moja, bila kuulowesha. Marcelline alikuwa akilifunga gunia kwa kamba na hakulitilia jambo hilo maanani.

Nje pikipiki ilinguruma. Musafiri, dereva, aliingia akiwa mwekundu kwa vumbi la njia.

"Iko tayari?"

"Iko tayari," alijibu Marcelline.

Mama Feza aliinuka akalipapasa gunia kama mgongo wa mtoto anayelala. "Musafiri, kule Salamabila nani ananunua hizi nunursi?"

"Ni mabibi za wachimbaji, mama. Wananunulia watoto wao."

"Mabibi vijana?"

"Vijana sana."

Mama Feza akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Musafiri alilifunga gunia nyuma ya pikipiki, akaondoka, na sauti ya mota ikapotelea upande wa barabara ya Kabambare.

Walibaki wawili. Marcelline akaona huo ndio wasaa wa kusema kwa upole.

"Mama Feza, macho iko nakusumbua. Kesho twende ku misioni, wakupime, uvae lunete."

Mama Feza alicheka. Marcelline hakuwahi kumsikia akicheka.

"Macho yangu iko mazima, mwanangu." Alichungulia nje kwanza, kisha akamshika mkono. "Weye uliona ile fote siku zote, ukaiacha ipite. Nilitaka kukushukuru, ila niliogopa. Mungu akulipe."

Marcelline akauliza, "Ile fote ni nini, mama?"

Mama Feza aligusa kona ya mdomo wake mwenyewe, upande wa kushoto, akashusha kidole taratibu hadi kidevuni.

"Feza wangu aliangukia kinu angali mutoto. Kovu yake ikabaki hapa. Siku ile ya moto watu wa bunduki wakamubeba. Mutu mumoja alimuona Salamabila. Feza anasema mama yake aliungua ndani ya nyumba. Ule mwanaume mwenye kumushika, ukiulizia jina ya Feza tu, anakuua. Lakini nani atamukataza kununulia mutoto wake nunursi? Na kila mutu anajua nunursi zinatoka Kasongo. Akiiona na kovu yake, atajua niko muzima, atajua na fasi niko."

Matone ya kwanza ya mvua yaligonga bati. Mama Feza alikuwa akiitazama barabara, uso umekunjuka.

"Zimekwenda mingi sasa, si ndiyo? Hata moja tu itamufikia."

Mkono wa Marcelline ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, umeshika donge la nyuzi nyekundu lililojaa kiganja.