Boksi la Mitumba

Mzee Kilave, afisa wa forodha, alilisukuma boksi mpaka mbele ya Zamda.

"Utusamehe kwa kuchelewa, binti yangu. Dawa na vyakula ndivyo tunavyovitoa kwanza. Nguo tunazitupia mle kontenani, maana hata zikikaa wiki haziharibiki."

Zamda aliligeukia kontena. Lilikuwa la chuma, juani, halina hata dirisha. Ubavuni mwa boksi kaka yake alikuwa ameandika "mitumba", kama Zamda alivyomwagiza kwa simu: "Ukiandika dawa watatusumbua na vibali."

"Fungua basi tuhakikishe," mzee alisema kwa upole.

Zamda alitoa sweta la kitoto, suruali, kisha taulo. Ndani ya taulo, mfuko wa barafu ulikuwa umebaki maji ya vuguvugu, na kando yake chupa tatu za insulini ya mwanawe. Nyumbani ilibaki dozi ya jioni hiyo tu.

Mzee alivua kofia. "Mwanangu, hii tungekupa siku ileile."

Zamda aliichukua chupa moja, akaiweka shavuni. Ilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi.