Sindano ya Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri aliinuka kwenye benchi mara tatu, na mara tatu akaketi tena. Kina mama waliopakata watoto walimshangaa, mtu mzima mwenye mvi aliyekuja kliniki ya watoto peke yake.

"Mtoto yuko wapi, bibi?" muuguzi akamuuliza.

"Nichanje mimi, mwanangu. Surua imeingia mtaani, na mjukuu wangu ana siku tisa tu, hajafika umri wa kuchanjwa. Ndiyo iliyomchukua dada yangu tukiwa wadogo."

Akachomwa sindano begani.

"Sasa subiri wiki mbili kinga ijengeke, usije ukamwambukiza, ndipo umpakate mjukuu."

"Wiki mbili!"

Akaketi tena kwenye benchi. Mtoto mchanga wa mama aliyekuwa pembeni akanyoosha mkono, akamshika kidole. Bi Mwanakheri hakuthubutu kukichomoa, wala hakuthubutu kukiacha.